Upande wa Nne wa Meza

Zamani mtoto akijifunza kusoma mtaa mzima ulijua, maana sauti ilitoka dirishani kama ya jogoo asiyejua saa. Siku hizi anatelezesha kidole juu ya kioo, kimya kama mwizi wa mayai, na mama yake aliyeketi naye kiti kimoja hawezi kukuambia kama mwanawe anasoma au anatazama rangi tu.

Mzee Risasi alikuwa mtu wa zamani hiyo. Mgeni akisikia jina lake alidhani ni askari mstaafu, au jambazi aliyetubu, na mwenyewe aliufurahia woga huo kwa dakika moja kabla hajaeleza. Risasi yake haikuwa ya bunduki. Maisha yake yote alikuwa mpanga herufi katika kiwanda cha kupiga chapa, enzi zile maneno yalipokuwa na uzito wa kubebwa. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha risasi chenye kisanduku chake, na yeye alizichomoa moja moja, akazipanga mstari chini ya mstari mpaka ukurasa ukakamilika. Aliingia pale akiwa mfagiaji asiyejua hata irabu, akajifunza kusoma kwa kuokota herufi zilizodondoka chini ya meza na kuuliza waungwana waliokuwa juu yake, hii ni nani, na hii ni nani. Hakuna mwalimu aliyewahi kumchapa wala kumsifu.

Kompyuta zilipoingia kiwanda kilifungwa. Mashine zikachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, na zile herufi, ambazo zilikuwa zimesema kila kitu kilichowahi kusemwa katika mji ule, zikayeyushwa kutengenezea betri za magari.

"Alfabeti yote iko chini ya boneti," Mzee alikuwa akisema. "Ndiyo maana magari yanapiga kelele na watu hawana la maana."

Akabaki na chumba cha mbele cha nyumba yake, meza moja ya mraba, na hasira. Kwa hasira hiyo akaanza kufundisha watoto kusoma, wale wadogo ambao bado hawajaingia shule. Aliwachukua wanne wanne, asizidi hata mmoja, hata ungemlilia. Darasa la watoto sabini, alisema, si darasa, ni mkutano wa hadhara. Wanne unawasikia wakipumua. Wanne, mmoja akikwama, watatu wanamngoja, na huko kungojana ndiyo nusu ya elimu. Kuandika hakufundisha. Jicho likishajua, mkono utafuata wenyewe, na hilo aliwaachia wa shule ili nao wapate la kufanya.

Mambo yalikwenda hivyo, kundi baada ya kundi, kila mtoto na kitabu chake mkononi, maana Mzee alikuwa amehifadhi kasha zima la vitabu vya kwanza vya kusoma vilivyochapwa kiwandani kwao. Kisha masika moja mchwa waliingia kwenye kasha. Alipolifungua akakuta vumbi, na katikati ya vumbi kitabu kimoja kizima, kama mtu aliyenusurika ajali ya meli.

Angeweza kununua vipya. Aliviona dukani. Vilikuwa na picha kubwa, maneno machache, na karatasi inayoteleza kama samaki. Akavirudisha kwenye rafu, akaja nyumbani na kutunga sheria mbili. Ya kwanza, kitabu kilichobaki kitalazwa katikati ya meza, na hakiguswi na mtu yeyote isipokuwa yeye, kwa sababu kurasa zilikuwa zimeanza kuvunjika pembeni kama mkate mkavu. Ya pili ilikuwa ya kiwandani: kila herufi ina kisanduku chake, na kila mtoto ana kiti chake. Hakuna kuketi leo hapa na kesho pale.

Kundi la kwanza la utaratibu huo lilikuwa hivi. Ukutani, mahali pazuri penye mwanga, aliketi Kibonge, mtoto wa muuza nyama. Kulia na kushoto waliketi pacha wa fundi cherehani, ambao hata baba yao aliwatofautisha kwa vifungo. Na upande wa nne, mgongo mlangoni, aliketi binti wa msusi. Huyo alikuwa mdogo kiasi kwamba kidevu chake kiliishia ukingoni mwa meza, na wenzake walimwita Sisimizi. Alipewa kiti hicho kwa sababu alichelewa siku ya kwanza na ndicho kilichokuwa kimebaki. Mzee mwenyewe aliketi kwenye kigoda pembeni, akionyesha maneno kwa sindano ya kufumia ya marehemu mkewe.

"Kibonge, endelea."

"Ku-ku wa bi-bi a-me-ta-ga chi-ni ya ka-ba-ti."

"Ametaga nini?"

"Yai, Babu."

"Yai limeandikwa wapi?"

Kibonge alitazama. "Halijaandikwa. Lakini kuku atataga nini kingine?"

"Soma kilichopo, acha mambo ya buchani. Pacha, wewe. Si wewe, mwenzako. Mbona umelaza kichwa? Unasoma au unasinzia?"

"Nasoma, Babu."

"Basi kisimamishe."

Pacha alikisimamisha kichwa, akasoma neno moja, kichwa kikarudi kulala begani. Na mwenzake, upande wa pili, alikilaza vilevile, ila begani kwingine, hata ukiwatazama pamoja ungedhani wamemkumbatia mtu wa katikati asiyeonekana. Mama yao alikuwa amekwisha kuliona jambo hilo. Alisema ni shingo, akawa anawakanda kwa mafuta ya moto kila jioni, wakilia.

Sisimizi hakulaza kichwa. Alikaa wima na kusoma neno kwa neno, sauti ndogo lakini safi, na ikifika zamu yake Mzee alifumba macho. Kati ya wote aliowafundisha, huyu alisoma kama anakunywa maji.

Shule ya karibu ilikuwa na nafasi chache kuliko watoto, ikaweka utaratibu wake: kabla ya kuandikishwa darasa la kwanza mtoto asome ukurasa mmoja mbele ya mwalimu. Asiyeweza arudi mwakani. Kwa watoto wengi hilo lilikuwa neno dogo, mwakani. Kwa Sisimizi halikuwa dogo. Shangazi yake, mwenye duka mji wa mbali, alikuwa amesema mbele ya ukoo mzima: huyu mtoto asipopata shule mwaka huu nipeni mimi, atanisaidia dukani, na habari ya shule itajulikana hukohuko. Kila mtu anajua maana ya "itajulikana". Ni shimo ambamo watu wazima hufukia mambo ya watoto. Baba wa mtoto hakuwepo wa kusema hapana, na msusi alikuwa mke tu katika ukoo ule, na tena mke aliyeachwa.

Siku ya majaribio Mzee hakwenda. Alijua wote wanne watapita. Alikuwa anapiga kipini cha jembe chumba cha mbele aliposikia hodi, na kabla hajaitika msusi alikwisha kuwa ndani, chanuo limechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe, vidole vinang'aa mafuta, mwanawe amemshika mkono.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona umeacha kichwa cha mtu nusu?"

"Nimekiacha. Mteja analia huko, na mimi nimekuja kulia hapa." Akaketi bila kukaribishwa. "Wenzake watatu wamepita. Huyu wangu hakutoa hata neno."

Mzee aliweka jembe chini. "Hakutoa vipi?"

"Wanasema hata kushika kitabu hajui. Amepewa, anakichezea, anakizungushazungusha. Mwalimu amemwekea sawasawa, amenyamaza kama jiwe."

"Kushika hajui kwa sababu hapa hakishikwi. Kitabu si kikombe."

"Baba, nisikilize. Nimetembea njia nzima nafikiri." Sauti yake ilishuka. "Wanasoma wanne, mmoja baada ya mwingine, maneno yaleyale. Huyu ana masikio makali. Labda amekariri. Aliwasikia wenzake akafuatisha, na wewe ukaona anasoma."

Hakuna tusi ambalo lingemchoma Mzee zaidi ya hilo. Kukariri kulikuwa adui yake wa siku zote. Kasuku, alisema, naye anapiga hodi, lakini hajawahi kufungua mlango.

"Sisimizi," akasema, "kaa kwenye kiti chako."

Mtoto akapanda kitini. Mzee akafungua kitabu mwisho kabisa, kurasa ambazo kundi lile halikuwa limezifikia, akagusa mstari kwa sindano. Kidevu kikasogea juu ya ukingo wa meza.

"Ba-ba a-me-le-ta mi-su-ma-ri," mtoto akasoma. "Mi-su-ma-ri mi-wi-li i-me-pi-nda. Imepinda, Babu."

Msusi aliziba mdomo kwa mkono wa mafuta.

"Huyo ndiye kasuku wako," Mzee akasema. "Anayeimba wimbo asiofundishwa. Vaa viatu, mjukuu wangu. Tunakwenda shule, na kitabu chetu."

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa chumba chembamba chenye maboksi ya chaki hadi dirishani, feni iliyosimama, na meza kubwa iliyokula nusu ya nafasi. Nje kulikuwa na foleni ya wazazi, kila mmoja na lake. Mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake Mzee, miguuni raba. Mzee aliziona raba zile kabla hajaona uso. Mwalimu mkuu wa zamani alivaa viatu vilivyosikika kabla yeye hajaonekana, na kelele darasani zikafa zenyewe. Huyu angeweza kukufikia mgongoni usijue. Hata hivyo alisimama kumwamkia, na hilo Mzee akalihesabu.

"Nimesikia habari zako, Mzee wangu. Watoto wako watatu wamesoma vizuri. Wale pacha wanakaa upandeupande, lakini wanasoma."

"Na huyu ndiye anayewashinda wote."

Mwalimu mkuu alimtazama Sisimizi, ambaye meza ilimfika shingoni. "Mimi niko tayari kumsikia tena. Sina sababu ya kumfungia mtoto mlango."

Mzee akakitoa kitabu kwenye kitambaa, akakilaza juu ya meza mbele ya mtoto, kikimwelekea sawasawa, kwa adabu ile ya kumwekea mgeni sahani. Akafungua ukurasa wa misumari.

"Haya. Kama ulivyonisomea sasa hivi."

Sisimizi alitazama ukurasa. Mikono aliiweka nyuma, jinsi alivyofundishwa. Akainamisha kichwa kidogo, akakiinua.

"Soma, mjukuu wangu."

Nje mzazi mmoja alikohoa.

"Baba ameleta nini?" Mzee akamsaidia, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtoto yeyote.

"Misumari," Sisimizi akasema, akimtazama yeye, si kitabu.

Basi ndivyo ilivyo, Mzee akawaza. Alilisikia dirishani, makundi ya nyuma yakisoma, akalishika. Na kama huyu, aliyesoma kama anakunywa maji, alikuwa anasikiliza tu, je, wale wengine? Kundi baada ya kundi, mtaa mzima umempa watoto, naye amewarudishia kasuku. Hakuwahi kufundishwa na mtu; nani alimwambia kwamba anaweza kufundisha?

Mwalimu mkuu hakufurahia ushindi wake. "Hutokea, Mzee wangu," alisema taratibu. "Mtoto hajashindwa, hajafika tu. Mwakani yuko hapa na sisi."

"Mwakani hayuko," msusi akasema. Hakumwambia mtu. Alikuwa ameweka mkono kichwani mwa mwanawe na kidole kilikuwa kinafuata mistari ya nywele alizomsuka mwenyewe alfajiri, kwa ajili ya majaribio.

Mwalimu mkuu alivuta karatasi, akaanza kuandika. Feni haikuzunguka. Kalamu ilikwaruza, ikakwaruza, na ndipo sauti ndogo, safi, ikatoka upande wa pili wa meza.

"M-to-to hu-yu ba-do ha-ju-i ku-so-ma."

Kalamu ikasimama.

"Mtoto gani?" Sisimizi akauliza.

Mwalimu mkuu alimtazama mtoto, akaitazama karatasi, akamtazama mtoto. Alishusha kalamu tena mahali palepale, upande wake wa meza, akaandika mstari wa pili polepole.

"Le-o ni-me-va-a ra-ba za ki-ja-ni," Sisimizi akasoma, kisha akainama kuchungulia chini ya meza kama ni kweli.

"Ni za kijani," akamwambia mama yake.

Hapo mwalimu mkuu akanyoosha mikono yote miwili, akakishika kitabu cha Mzee kwa ncha za vidole, na kukizungusha taratibu hadi kichwa kikawa chini na miguu juu. Mzee alitaka kumwambia hakiguswi, lakini hakuwahi. Mtoto alikuwa amekwisha kuanza. Baba ameleta misumari, misumari miwili imepinda, mama amesema irudishe dukani, mwenye duka amefunga. Aliusoma ukurasa wote mpaka chini, ambako kwake yeye kulikuwa juu, na alipomaliza akaangalia kama kuna mwingine.

"Umefanya nini?" Mzee akauliza.

"Nimekigeuza."

"Kukigeuza kuna nini?"

Mwalimu mkuu alimkazia macho. "Mzee wangu. Kwani wewe unasoma upande wowote?"

"Kwani kuna upande?"

Alisema hivyo kwa dhati kabisa, na akili yake ndipo ikamfikia, kama mtu anayesikia hodi ya pili. Kiwandani herufi za risasi hupangwa kichwa chini, tena kinyume, ili karatasi ikishakandamizwa zitoke sawa. Mpanga herufi husoma hivyo kutwa, mwaka hadi mwaka, mpaka ukurasa kwake ni kama sahani: huwezi kuishika upande usio wake. Alikuwa amesahau kwamba watu wengine huzaliwa na upande mmoja. Aliwaketisha watoto wanne pande nne za kitabu kisichosogezwa, kila mmoja kwenye kiti asichoruhusiwa kuhama, na kila mmoja akajifunza kwa utiifu mkubwa kile alichokiona kutoka pale alipo.

Alieleza hayo kwa maneno machache, sauti imekauka. Mwalimu mkuu alijizuia, akajizuia, halafu akainamia maboksi ya chaki akacheka hadi akatafuta leso. Msusi alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, hajui aanze na lipi.

"Na wewe," akamgeukia mwanawe, "kwa nini hukusema?"

"Nilidhani vitabu vya shule ni vya herufi nyingine."

"Na hiki cha Babu? Si unakijua?"

"Babu alisema kisiguswe."

Hilo Mzee alilimeza bila maji.

Mwalimu mkuu alichana ile karatasi vipande viwili. "Kusoma anajua," akasema. "Kilichobaki ni kuhama tu. Shule ikifunguliwa nitamsikia tena, kitabu kikiwa wima, maana nikimwingiza hivi, wenzake watamcheka hadi asahau. Nafasi yake naishika mimi. Lakini, Mzee wangu, asije na kichwa chini."

"Hatakuja hivyo," Mzee akasema. Njiani kurudi hawakuongea sana. Msusi alitembea kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani na bado shingo haijaamini. Mara mojamoja alicheka peke yake, akasema, "Mtoto gani," akacheka tena.

Nyumbani binti yake Mzee, aliyekuwa anafanya kazi duka la dawa, alimsikiliza mpaka mwisho huku amesimama na sufuria mkononi.

"Na wale pacha?" akauliza.

"Pacha wana shingo."

"Baba. Mmoja kulia, mmoja kushoto."

Mzee akaitafuta kofia yake. "Mungu wangu, yule mama anawakanda kwa mafuta ya moto."

"Ungekuwa daktari ungeua," binti akasema, akaenda kucheka jikoni ambako alidhani hasikiki.

Kwa mama wa pacha alikwenda mwenyewe jioni ile, kofia mkononi. Akamkuta chupa ya mafuta iko motoni na watoto wamekwisha kujificha chini ya meza ya cherehani. Aliposikia kwamba ni kiti na si shingo, mama yule alilizima jiko, akasema tu, "Wako chini hapo, waambie wewe mwenyewe. Mimi hawataniamini." Waliposikia walitoka mbio, na mmoja wao, hajulikani yupi, akambusu Mzee mkono.

Tangu siku iliyofuata sheria ya viti ikafa. Mzee aliifuta kwa taabu kubwa, maana mtu wa umri ule akiondoa sheria moja huogopa nyumba yote itaanguka. Kila ukurasa ukiisha watoto walihama kiti kimoja, wakizunguka meza. Kibonge, ambaye alikuwa mfalme wa mahali pazuri, alipofika upande wa nne alikodoa macho akasema kitabu kimeharibika. Sisimizi akamcheka sana, ikawa mara ya kwanza kwa mtu kumsikia akicheka kwa sauti.

Lakini kwake yeye kazi ilikuwa ngumu. Alipofika ukutani, mahali pa Kibonge, macho yake yalianza mwisho wa mstari na kurudi nyuma. Alisimama, akajaribu kuzunguka meza kwa mwili wake, akarudishwa kitini. Alilia siku moja. Mzee hakuwa na njia ya kumfundisha, maana yeye hakuwahi kuhama upande mmoja kwenda mwingine. Alifika pale bila kujua kwamba ni safari. Basi akafanya alichoweza. Alikaa upande wa nne mwenyewe, magoti yamegusa kidevu, akamwambia mtoto amuonyeshe yeye, Babu, maneno, kana kwamba Babu ndiye asiyejua. Mtoto akashika sindano ya kufumia. "Hapa, Babu. Hapana, huku." Na katika kumwonyesha akaanza kuona. Kwanza maneno mafupi. Kisha mstari. Pacha walimngoja, vichwa vimenyooka, bila kumnong'oneza hata silabi moja, na Kibonge akingoja alikula kucha zake zote. Siku hizi mtoto akikwama hakuna anayengoja. Kuna kitufe, anabofya, jibu linakuja. Lakini tuyaache hayo.

Shangazi alikuja shule ikikaribia kufunguliwa, na begi tupu la kubebea nguo za mtoto. Msusi hakubishana naye. Alimpeleka moja kwa moja chumba cha mbele kwa Mzee, akamkalisha kwenye kigoda. Sisimizi alikaa ukutani, kitabu wima mbele yake, akasoma ukurasa mzima, na katikati akakwama kwenye neno, chumba kizima kikashikilia pumzi, akalipata.

Shangazi alimtazama mtoto, akalitazama begi lake. "Anasoma hivi na bado hajaenda shule," akasema. "Huyu dukani kwangu atanisomea madeni yangu kwa sauti mbele ya wateja. Baki naye." Mwalimu mkuu naye alimsikia siku chache baadaye, hakuandika chochote, alimpa tu mkono kama mtu mzima.

Siku ya kufunguliwa shule Mzee Risasi alijikuta ana haja ya kiberiti, na kati ya maduka yote akachagua lile linalotazamana na uzio wa shule, ingawa jirani yake ukuta kwa ukuta anauza viberiti. Hakujua kwamba hatawaona tena wote wanne kwa pamoja. Fundi cherehani alihama na pacha wake kabla mwaka haujaisha, na msusi naye akafuata kazi kwingine. Alijua tu kwamba asubuhi hiyo hakuna kitu kilichomuuma, hata goti.

Watoto wa darasa la kwanza walikuwa wamepangwa mstari uwanjani. Kibonge alikuwa amekwisha kuchomoa shati. Pacha walikuwa wanabishana nani mkubwa, jambo ambalo hata mama yao alikuwa ameacha kulijibu. Sisimizi alisimama kati yao, sketi imemfika vifundoni na kukunjwa kiunoni kwa pini, akimwambia Kibonge kitu kwa ukali, akionyesha shati kwa kidole. Kibonge akalichomeka. Mwalimu akapiga kengele ya mkononi. Mstari ukaanza kutembea kuelekea mlango wa darasa, na ulipofika kizingitini kila mtoto alipanda kwa namna yake; Kibonge alijishika ukutani, pacha walisukumana, na Sisimizi akaruka kwa miguu yote miwili, akaingia.